Jalada Tupu la Wajdi

Anouar alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwa mjeuri au mvivu ningemtukana, nikarudi nyumbani nikalala usingizi wangu. Lakini alikuwa mtu wa kuwabebea akina mama vikapu mpaka kituo cha basi, na akiulizwa swali moja mara kumi, alijibu mara kumi bila kukunja uso. Mimi sina subira hiyo. Nikiulizwa mara ya pili tu, sauti imeshapanda.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja ghorofani, mtaa wa nyuma ya bandari ya zamani hapa Bizerte, juu ya duka la muuza lablabi, ile supu ya dengu. Tangu asubuhi harufu ya jira na kitunguu saumu ilipanda ngazi kabla ya wageni. Tulijiita Chama cha Mama wa Waliovuka. Watoto wao walipanda boti kwenda Italia, wengine bila kuaga, wakawa hawakufika na hawakurudi. Kila ofisi ambayo mama hao walibisha hodi iliwaelekeza ofisi nyingine, mpaka wakachoka kuelekezwa wakaanzisha yao. Mimi sikupoteza mtu. Niliajiriwa kupokea simu, nikawazoea, nikabaki.

Anouar ndiye aliyetutengenezea hifadhi ya kumbukumbu, ile inayokaa mtandaoni kwenye kompyuta za watu wa mbali, si kwenye kompyuta yetu iliyokuwa ikizimika kila baada ya chai. Kila kijana aliyepotea alikuwa na jalada lake. Ndani ya jalada kulikuwa na ukurasa wa kwanza wa kujaza: jina, siku ya kuzaliwa, siku aliyoondoka, hali yake. Chini ya ukurasa huo ndipo vilipowekwa vitu vyenyewe: picha, barua, na zaidi ya yote sauti. Vijana wetu hawaandiki. Wanabonyeza simu wanasema, wanatuma.

Siku Bi Mbarka alipokuja mara ya kwanza kumwekea mwanawe Wajdi jalada, nilikuwa nimekaa pembeni namenya chungwa. Alikuja amejitanda safsari yake nyeupe, ncha moja ameing'ata kwa meno kama walivyokuwa wakifanya bibi zetu, maana mikono yote ilikuwa na mizigo. Anouar akamsogezea kiti, akawa anamsomea yaliyopo kwenye kioo.

"Hapa panataka hali yake, Bi Mbarka. Yu hai, amefariki, au hajulikani alipo. Chagua moja."

"Nichague?" Bi Mbarka alitema ncha ya safsari. "Mimi nani nimchagulie mtu hayo?"

"Basi tuweke hajulikani."

"Hajulikani na nani? Mimi namjua. Nimemzaa mwenyewe, alitoka kichwa kikubwa mkunga akacheka. Unaniambia hajulikani?"

"Basi yu hai, mama."

"Niandike yu hai, halafu Mungu aniulize nimejuaje?" Akautazama mkono wake, akautia chini ya safsari. "Mkono wangu hauandiki kitu hapo, mwanangu. Si hiki wala kile."

Akina mama wengine waliokuwa wamekaa ukutani wakaitikia kwa vichwa. Kila mmoja wetu mjini hapa alijua anasema nini. Pasipo maiti hapana mazishi, na pasipo mazishi hapana kuskusi ya siku ya arobaini, na mama akilitamka lile neno kabla ya hapo, huyo amemuua mtoto kwa kinywa chake. Jirani mmoja alimpelekea Bi Mbarka bakuli la chakula cha matanga mwezi ule boti ilipopotea. Lilirudishwa mlangoni kwake bado la moto, na hawajasalimiana tangu siku ile.

Mimi ningemwambia ajaze asitupotezee muda. Anouar hakufanya hivyo. Alisema, "Sawa. Tuuruke ukurasa huu, Bi Mbarka. Tuuache kabisa, hata jina tusiandike. Twende chini kwenye picha."

"Inawezekana?"

"Mimi ndiye fundi. Nikisema inawezekana, inawezekana."

Na ikawezekana. Picha zikaingia, sauti zikaingia, zote zikakaa chini ya jalada ambalo lenyewe halikuandikwa neno. Habari zikaenea, na akina mama wengi wakaomba nao warukishwe. Bi Mongia peke yake ndiye aliyewacheka. Yeye mwanawe alirudishwa na maji pwani ya Rafraf, akamzika kwa mikono yake, akaandika *amefariki* bila mtu kumsaidia.

"Mnaiogopa kompyuta," aliwaambia. "Kompyuta ina mke nyumbani? Itawasengenya kwa nani?"

"Wewe nyamaza," Bi Mbarka akamjibu. "Wewe una kaburi la kwenda kulifagia. Tuachie sisi uoga wetu."

Wakacheka wote wawili, maana walikuwa marafiki, na wewe mpita njia ungeona vibaya.

Simu ya Bi Mbarka, ile yenye sauti za Wajdi, ilitumbukia kwenye beseni la nguo wiki chache baadaye, ikafa moja kwa moja. Hakulia. Alisema, "Alhamdulillahi, Anouar alishazitoa." Tangu hapo akawa anakuja kila Ijumaa baada ya sala. Anouar alikuwa amemwekea picha ya Wajdi kwenye kioo cha kompyuta yetu; ukiibonyeza, inakupeleka moja kwa moja kwenye vitu vyake. Bi Mbarka alikuwa akibonyeza kwa kidole chenye hina, anaegemea mbele, anasikiliza.

Nilizijua zile sauti kwa moyo kama ndugu yake. Wajdi alikuwa mtundu. "Mama, pilipili ya harisa uliyonifungia ni ya kuua panya au ya kuliwa?" Katika nyingine anamwamrisha asimpe binamu yake koti lake la ngozi: "Akilivaa nitalivua kwake barabarani, na suruali pia." Ya mwisho ina upepo mwingi na watu wanazungumza nyuma yake. Anasema, "Mama, usikasirike. Nikifika nakupigia. Lala." Bi Mbarka alikuwa akiisikiliza hiyo mara mbili, kisha anajitanda vizuri, anatushukuru, anashuka ngazi akienda kupika. Wiki nzima iliyobaki aliishi kwa hiyo.

Wafadhili walipoondoka ikabidi tuhame kutoka hifadhi ile tuliyokuwa tukiilipia, twende kwenye nyingine ya bure. Anouar akaandika programu ndogo ya kuchukua nakala. Alinieleza, kwa kuwa nilikuwa namsumbua: programu inaiuliza hifadhi, nitajie majalada yote uliyonayo, hifadhi inayataja, programu inaingia kwenye kila jalada lililotajwa, inachukua ukurasa wa kwanza na kila kilicho chini yake, inapeleka upande wa pili. Ilichukua mchana mmoja. Kisha akafanya kama anavyofanya mtu makini: akaiuliza hifadhi ya zamani ina majalada mangapi, akaiuliza mpya, hesabu zikalingana. Akafungua la Bi Mongia, akasikiliza kidogo, akafungua na mengine mawili. Yote yalikuwa mazima.

"Imekubali?" nikamwuliza.

"Imekubali, dada."

Akaifunga ile ya zamani. Tukashuka kula bambaluni za moto zenye sukari, na kwa mara ya kwanza nikamwona Anouar akipiga mluzi.

Bi Mbarka hakuwapo. Binti yake alikuwa amejifungua kule Tunis, naye akaenda kumlea mzazi na mtoto, na ukijua mabinti wa siku hizi, arobaini iliisha akaongezewa nyingine. Akina mama wengine waliorukishwa ule ukurasa walikuwa na sauti zao kwenye simu zao mfukoni, hawakuwa na haja ya kuja kwetu kusikiliza. Kwa hiyo hakuna aliyejua. Tulikuwa tunakuja kazini, tunakunywa chai, tunaulizana hali, na kumbe hakuna kitu.

Alirudi Ijumaa moja na bakuli la zrir ya mtoto, ufuta na asali na karanga, akatulisha kwanza kwa kijiko kimoja sote. Akaonyesha picha za mjukuu. Kisha akavuta kiti, akaegemea, akabonyeza picha ya Wajdi.

"Saloua," akaniita. "Imeandika nini hapa?"

Nikaenda nikasoma. Ilisema hakuna kilichopatikana.

"Ni mtandao," nikamwambia. "Subiri kidogo. Anouar! Njoo uone mtandao wako huku."

Anouar akaja na kijiko bado mdomoni. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaketi kwenye kiti changu, akaanza kuandika mambo yake ya kifundi, haraka, halafu polepole, halafu akaacha. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona shingo yake inatoka jasho. Akakitoa kile kijiko mdomoni akakiweka juu ya karatasi.

"Nini?" nikamwuliza. "Sema basi!"

"Halikutajwa," akasema.

"Lipi halikutajwa?"

"Jalada lake. Niliiuliza hifadhi initajie majalada. Jalada ambalo ukurasa wake haukuandikwa kitu, kwa hifadhi ni kama halipo. Vitu vya chini yake vipo, ukiijua njia unavifikia, sisi tulikuwa tunavifikia kwa ile picha kila siku. Lakini ukiiuliza una nani na nani, haimtaji. Haikumtaja, programu haikuingia, haikuchukua kitu."

"Si ulihesabu?"

"Nilihesabu kwa swali hilohilo, Saloua. Upande wa kwanza haikumtaja, wa pili haikumtaja. Zikalingana."

"Sasa ile ya zamani?"

Anouar akachukua simu akatoka kwenye ngazi. Nilimsikia anazungumza Kifaransa cha adabu, kisha Kiingereza, anangojeshwa, anarudia. Walimwambia ukifunga hifadhi unapewa siku kadhaa za kujuta, na siku zake zilikuwa zimepita wakati Bi Mbarka bado yuko Tunis anampikia binti yake supu. Baada ya hapo hufutwa, na kilichofutwa hakirudishwi na yeyote. Aliporudi ndani alikuwa amezeeka.

Bi Mbarka alikuwa amekaa palepale, mikono mapajani, anatutazama kwa zamu. Alikuwa haelewi maneno yetu lakini sura alizisoma.

"Anouar, mwanangu," akasema. "Sauti ziko wapi?"

Nashukuru hakumdanganya. Alipiga magoti mbele ya kiti chake akamweleza yote, kwa maneno mepesi, huku amezishika ncha za safsari yake. Bi Mbarka alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na za Mongia?" akauliza.

"Zipo."

"Zote?"

"Zote, Bi Mbarka."

"Za Mongia zipo kwa nini na zangu hazipo?"

Anouar akainamisha kichwa. Mimi ndiye niliyejibu, na ningali natamani ningekuwa bubu dakika ile. "Kwa sababu Bi Mongia aliandika ule ukurasa," nikasema.

Bi Mbarka akaitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Akainuka, akachukua bakuli lake, akashuka. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele, angevunja hata kikombe.

Siku zilizofuata Anouar hakula. Aliipeleka ile simu iliyokufa kwa mafundi wote wa sokoni, kila mmoja akaifungua, akainusa, akatikisa kichwa. Alimpigia binamu wa Wajdi, ambaye sasa yuko Palermo, Italia, yule wa koti, akamwambia tafuta kwenye simu yako, hata neno moja. Binamu alikuwa ameshabadilisha simu mara tatu. Akalia kwenye laini, Anouar akabaki kumbembeleza yeye. Akarekebisha programu yake pia, ikawa inayatafuta na majalada matupu, inaingia mpaka ndani. Ilikuwa sahihi sasa. Nilimwambia, "Hongera," kwa ubaya, na nikaona linavyomwingia, na sikujisikia vizuri hata kidogo.

Bi Mbarka akaja Jumatatu, siku isiyo yake. Bi Mongia alikuwa amemshika mkono. Alikuwa amekonda kwa siku zile chache, na safsari ilikuwa imechafuka pindoni, jambo ambalo sijapata kuliona kwake.

"Hajalala," Bi Mongia akaniambia kwa sauti ya chini. "Anamtafuta kichwani."

"Simpati," Bi Mbarka akasema, maana alisikia. "Maneno ninayo. Harisa, koti, usikasirike, lala. Nayajua yote. Lakini nikiyasema yanakuja kwa sauti ya baba yake. Nikijaribu tena yanakuja kwa sauti yangu mimi. Yeye simpati."

Muuza lablabi alikuwa akigonga bakuli kule chini, akiita wateja. Bi Mbarka akakisogelea kiti cha kompyuta, akakaa.

"Anouar. Uniwekee ule ukurasa."

"Ukurasa upi, mama?"

"Ule wa kuandika. Nimefikiri. Mongia aliandika, vitu vyake vikabaki. Mimi nilikataa, vikachukuliwa. Basi nimekubali. Nimeshindwa, nimekubali. Andika."

"Bi Mbarka." Anouar aliuweka mkono juu ya kibodi. "Haifanyi hivyo. Hata tukiandika sasa..."

"Wewe ulinirukisha. Nilikuuliza, inawezekana? Ukasema inawezekana." Hakusema kwa hasira, alikuwa anamkumbusha tu. "Sasa usinirukishe. Andika."

Anouar akatoka nje, nikasikia ameketi kwenye ngazi. Bi Mongia akageukia dirisha akajifunika uso kwa ushungi.

"Saloua, wewe unayo mikono," Bi Mbarka akaniambia.

Nikachuchumaa kando yake. "Mama, nisikilize mimi. Mimi sijui kubembeleza, unanijua. Hazirudi. Naapa kwa Mungu hazirudi. Ukiandika, utakuwa umeandika bure."

"Andika jina lake."

Nikaandika jina lake.

"Siku ya kuzaliwa." Akanitajia. "Siku aliyoondoka." Akanitajia na hiyo. Tukafika kwenye hali, yale maneno matatu yakashuka kwenye kioo yakatungoja. Nikamwambia anaweza kuacha hapo, hata alama moja inatosha, hata nukta, jalada litatajwa. Hakunitazama. Alinyoosha kidole, kile chenye hina iliyofifia, akakiweka kwenye neno la katikati. Bi Mbarka hajui kusoma, lakini alikuwa amelikumbuka mahali pake kwa miaka yote ile.

"Hili," akasema.

Nikalibonyeza. *Amefariki.*

Nikafungua orodha ya majalada, na humo, kwa mara ya kwanza tangu tuwe na chama, likatokea jina la Wajdi, juu ya Walid na Wissem, limeandikwa vizuri. Nikamwonyesha lilipo. Akaligusa.

"Sasa mfungue," akasema.

Nikamfungua. Chini ya ukurasa hapakuwa na picha, hapakuwa na sauti, palikuwa peupe mpaka mwisho wa kioo. Nilimgeukia nimwambie, na nikaona kwamba haniangalii. Alikuwa ameegemea mbele kama Ijumaa zote, amefumba macho, sikio ameligeuzia kompyuta.

"Bado inatafuta," akasema. "Tusiisemeshe."

Nikavuta kiti nikakaa naye.